Beit al-Ajaib: nyumba yenyewe ndiyo kielelezo cha kwanza cha makumbusho

Mwanzisha uzi (Unguja Mjini)

Assalamu alaikum na habari zenu, ndugu wanajukwaa.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila panapotajwa kurejeshwa kwa Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani hapa Unguja lililokuwa makumbusho kabla ya kuporomoka, mazungumzo huishia kwenye fedha, mkandarasi na tarehe ya kumaliza kazi. Hayo yana uzito wake, lakini liko swali ambalo naona linaachwa nyuma: siku milango itakapofunguliwa tena, mgeni ataonyeshwa nini? Rai yangu ni kwamba katika makumbusho yale jumba lenyewe lilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowekwa ndani yake, na sisi tulilitumia kama ukuta wa kuegemezea makabati ya vioo.

Niliingia humo mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa skuli, miaka ya mwanzo baada ya Makumbusho ya Historia na Utamaduni kufunguliwa. Tulipangwa mstari mbele ya mizinga miwili ya shaba ya Wareno iliyokuwa mlangoni, kisha tukapita chini ya mlango wa nakshi hadi kwenye ukumbi wa kati, ambako ulikuwapo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mwalimu wetu alituelezea mtepe kwa ufundi mkubwa, akatuelezea na kanga na dawa za asili, na mpaka leo namshukuru. Hata hivyo, tulipanda ngazi, tukatembea kwenye roshani pana, tukaegemea nguzo za chuma na kuitazama Forodhani kwa juu, na hakuna aliyetuambia kwamba pale tulipoegemea palikuwa na kisa chake. Niliondoka nikiujua mtepe, nyumba nikiwa siijui.

Tuanze tangu mwanzo. Jumba lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Barghash aliwahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua ndugu yake Majid mwaka 1859, na mwaka 1875 alikwenda Uingereza kama mtawala. Mtu aliyeona miji ile alirudi na hamu ya kuujenga mji wake, ndiyo maana huyu huyu ndiye aliyevuta maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji hadi Mjini. Beit al-Ajaib halikuwa nyumba yake ya kulala. Lilikuwa jumba la sherehe, la kupokelea wageni na kuonyesha uwezo wa dola, na watu waliliita la ajabu kwa sababu ndani yake waliona taa za umeme na lifti, mambo ambayo wengi wao hawajawahi kuyaona popote.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia katika majumba ya kifalme na kujitangaza kuwa mtawala bila ya ridhaa ya Waingereza. Muda aliopewa wa kuondoka ulipomalizika saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilizokuwa bandarini zikafyatua mizinga kwa muda usiofika saa moja. Majumba matatu wakati ule yalikuwa yameungana kwa madaraja ya juu: Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib. Beit al-Hukm liliharibika kiasi cha kutojengwa tena, na mahali pake pakawa bustani. Mnara uliokuwa mbele ya majumba ulivunjika. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Ajaib lilipata majeraha lakini likabaki limesimama, na mwaka 1897 lilipotengenezwa likaongezewa mnara wa saa kwenye uso wake wa mbele. Mnara huo, ambao kwetu sote ndio ulikuwa alama ya mji kwenye kadi na picha, haukuwamo katika jumba la Barghash. Ulizaliwa na ile mizinga. Kijana anayepiga picha mbele yake angeambiwa jambo hili moja tu, angelitazama jumba kwa jicho jingine kabisa.

Kuanzia mwaka 1911 jumba likawa ofisi za serikali ya Mwingereza, Zanzibar ikiwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 likatumiwa na chama cha Afro-Shirazi kwa mafunzo ya itikadi, na makumbusho tuliyoyajua sisi yakaja mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ule ule ambapo Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka 2000. Kwa hesabu ya miaka, basi, jumba hili limekuwa ofisi kwa muda mrefu kuliko lilivyokuwa kasri au makumbusho. Ni jengo la serikali kwa maana kamili: la makarani, majalada, mihuri na watu waliosubiri kwenye korido. Historia hiyo ya kiofisi ndiyo iliyokosa hata ukuta mmoja wa kuelezwa.

Mwisho wa habari mnaujua. Mwishoni mwa mwaka 2012 sehemu ya roshani za nyuma ilianguka na makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati kwa ufadhili wa Oman ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili waliokuwa kazini wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Siandiki kumtafuta wa kulaumiwa, kwa sababu uchunguzi una wenyewe. Ninachotaka kusema ni kwamba kuporomoka kule nako sasa ni sehemu ya historia ya jumba, na siku likirejeshwa bila ya mahali panapoeleza yaliyotokea 2020, tutakuwa tumeificha sura moja ya kitabu chetu wenyewe.

Naomba michango yenu, hasa ya wenye ujuzi wa ujenzi wa kale na waliowahi kufanya kazi ndani ya jumba.

Mchangiaji wa pili (fundi wa chokaa, Unguja)

Maalim, nimelisoma andiko lako mara mbili na nakuunga mkono, ila naomba niongeze upande wa mawe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu mkubwa. Ukitaka isipinde, chumba hakiwezi kupita mita tatu hivi kwa upana. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba. Beit al-Ajaib lilivunja mpaka huo kwa kuingiza chuma: nguzo za kusubu zinazobeba roshani pande zote, na mihimili iliyowezesha kumbi pana ambazo boriti peke yake isingezibeba. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo, kwa sababu jumba liko hatua chache kutoka baharini. Hewa ya chumvi hula chuma. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba ndani ya ukuta wa matumbawe huupasua polepole, kwa namna ambayo mtu wa nje haioni mpaka siku kipande kinapodondoka.

Adui wa pili ni maji ya mvua. Mfereji wa paa ukiziba msimu mmoja wa masika, maji huingia kwenye kichwa cha ukuta na kuulainisha udongo ulio katikati. Ukuta huonekana mzima kwa nje, ndani umekwisha kuwa tope. Adui wa tatu tumemleta sisi wenyewe, naye ni saruji. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na chumvi ikikosa njia ya kutokea hulisaga jiwe likawa unga. Nimebandua plasta ya saruji katika nyumba nyingi za Mjini nikakuta nyuma yake mawe yanayomomonyoka kwa kidole. Mwenye nyumba alidhani ameiimarisha nyumba yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa watakaopanga makumbusho ni dogo. Ukuta mmoja uachwe wazi bila plasta, ufunikwe kwa kioo, mgeni aone jiwe, chokaa, boriti na chuma vilivyokaa pamoja. Pembeni liwekwe tanuri la mfano, aone jinsi matumbawe yanavyopangwa juu ya magogo na kuchomwa, na jinsi chokaa inavyolowekwa na kuachwa miezi kabla ya kutumiwa. Mafundi wanaoijua kazi hii wamebaki wachache, na vijana hawaji kujifunza kazi ambayo hawajawahi kuiona ikiheshimiwa.

Mchangiaji wa tatu (Pemba)

Ndugu mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe moja kwa moja. Mimi ni mtoto wa mkulima wa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao lile. Jumba likajengwa Mjini miaka 11 baadaye, wakati hazina ya Sultani ikiishi kwa ushuru wa forodha na wa karafuu. Wazee wetu waliochuma, na kabla yao watumwa waliopanda na kupalilia, hawakupata kuiona hiyo taa ya umeme wala hiyo lifti. Sasa tunaambiwa tutie tena fedha nyingi katika kasri la mtu mmoja ilhali ziko zahanati zinazovuja. Je, kulienzi jumba hili si kuwaenzi wale wale walioishi kwa jasho la wengine?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Pemba, hoja yako ni nzito na sitaijibu kwa haraka.

Kwanza nakubali kosa langu. Nilipoeleza mwanzo wa jumba nilimtaja aliyeamuru lijengwe, nikasahau kutaja lilijengwa kwa nini, yaani kwa mali ipi na kwa mikono ya nani. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini, kwa shinikizo la Uingereza, mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Hata hivyo, utumwa wenyewe mashambani haukukomeshwa siku ile. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa kwa amri ya Aprili 1897, chini ya Sayyid Hamoud bin Mohammed, yule aliyewekwa na Waingereza baada ya mizinga ya 1896. Tazama basi jinsi mambo yanavyokutana: mwaka ule ule ambao mafundi walikuwa wakilitengeneza jumba na kulijengea mnara wa saa, ndio mwaka ambao mtumwa wa shamba la mikarafuu aliruhusiwa kwenda mahakamani kudai uhuru wake, na wenye mali wakapewa njia ya kudai fidia. Katika makumbusho ninayoyawazia, chumba kizuri kuliko vyote, kile chenye upepo wa bahari, kingekuwa cha karafuu. Kingekuwa na ramani ya Pemba, majamvi ya kuanikia, mizani ya forodhani, na maelezo ya wazi kuhusu waliopanda, waliochuma na waliokula faida.

Kuhusu zahanati, sina jibu la kukuridhisha. Mimi pia ningechagua dawa ya mtoto kuliko nakshi ya mlango kama ingekuwa lazima nichague kimoja. Ninachojua ni kwamba fedha zinazotolewa na wafadhili kwa ajili ya jengo hazihamishwi kirahisi kwenda kwingine, na kwamba jumba linaloachwa bila matunzo hugharimu maisha, kama tulivyoona. Kuhusu kuwaenzi walioishi kwa jasho la wengine, nadhani jumba likibomoka kabisa ndipo watakapopumzika, kwa kuwa hakutakuwa tena na mahali pa kusimama na kuuliza swali kama lako. Swali ulilouliza ndilo ambalo ningependa liandikwe mlangoni kabisa, kabla ya ngazi.

Fundi, nakushukuru kwa somo la kutu na saruji. Nimeishi Mjini miaka yangu yote na sikuwahi kujua kwa nini chumba cha bibi yangu kilikuwa chembamba kama ujia.

Mchangiaji wa nne (Nairobi)

Salamu kutoka Nairobi. Naomba kuleta mfano wa huku, kwa kuwa tunalo jengo la serikali lililogeuzwa makumbusho na likasimama.

Pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway kuna jengo dogo la mawe lenye kuba, lililojengwa mwaka 1913 kwa ajili ya ofisi ya mambo ya wenyeji. Baadaye wengi walilijua kama ofisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa. Humo ndimo vizazi, ndoa na vifo viliposajiliwa, na umbali wa barabara zinazotoka Nairobi ulipimwa kutoka hapo. Mwaka 2005 likafunguliwa kama Nairobi Gallery chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na sasa linahifadhi mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya mwaka 1966. Mkusanyiko wenyewe ni wa thamani sana. Murumbi alikusanya sanaa, vitabu na stempu kwa mapenzi ya kweli, na kila Mkenya anapaswa kuuona.

Nilipolitembelea, hata hivyo, nilihisi kile anachokisema mwanzisha uzi. Nilisimama chini ya kuba nikamfikiria mtu aliyetoka mbali kuja kuandikisha kifo cha mzazi wake kwa lugha isiyokuwa yake, mbele ya karani asiyemjua. Nilitamani kumwona mtu huyo katika chumba kimoja tu, hata kwa daftari moja la usajili lililofunguliwa. Sanaa ya Murumbi ingeweza kukaa katika jengo lolote zuri. Foleni ya watu kama yule ilikuwa hapo tu.

Fort Jesus ya Mombasa kwa maoni yangu imefanikiwa zaidi katika hili. Mreno aliijenga kuanzia 1593, Mwingereza akaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na mgeni akitembea juu ya kuta zake anaiona ngome yenyewe kabla ya kuona chungu au sahani iliyo ndani ya kabati. Ukuta unazungumza kwanza.

Mchangiaji wa tano (Dar es Salaam)

Naongeza kwa ufupi. Huku kwetu ipo Boma la Kale, iliyojengwa mwaka 1866 na 1867 wakati wa Sultani Majid, mbele ya bandari. Ni miongoni mwa majengo ya kale kabisa yaliyosalia Dar es Salaam, nayo ni ya mawe ya matumbawe na milango ya Kizanzibari. Ilikarabatiwa, na tangu 2017 ni kituo cha urithi wa usanifu wa majengo, ambacho maonyesho yake yanauhusu mji wenyewe na majengo yake. Yaani nyumba inajieleza yenyewe na majirani zake. Wanaopanga kazi ya Beit al-Ajaib waivuke bahari siku moja wakaangalie.

Mchangiaji wa sita (Ng'ambo, Unguja)

Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa muda mrefu, lakini uzi huu umenigusa na nimeona nisinyamaze.

Marehemu baba yangu alikuwa tarishi katika jumba lile kabla ya Mapinduzi. Kazi yake ilikuwa kuchukua majalada kutoka chumba hiki kwenda kile, na kutoka ghorofa ya chini kwenda juu, siku nzima. Alikuwa akituhadithia kwamba karani aliyekaa upande wa bahari alijua meli gani imeingia kabla ya watu wa forodha, kwa sababu aliiona kwa dirisha, na kwamba upepo wa kusi ulipovuma karatasi zote zilipaswa kuwekewa mawe juu. Hakuruhusiwa kukaa kwenye roshani ya mbele. Alipita tu. Alipotupeleka huko baada ya makumbusho kufunguliwa, sisi watoto wake tukiwa tumekwisha kuwa watu wazima, alikwenda moja kwa moja kwenye roshani ile, akakaa chini sakafuni kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Mlinzi alitaka kumwinua, kisha akamwacha.

Nyumbani tunacho kidau cha wino cha kioo alichopewa na karani mmoja, na mfuko wake wa khaki wa kubebea barua. Nilikuwa sikudhani kama vitu hivyo vina faida kwa mtu mwingine yeyote. Sasa nauliza: vikihitajika, nivipeleke wapi?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, nakuomba usivitoe kwanza nyumbani. Kwa sasa vitunze mahali pakavu, mbali na jua, na mfuko usiufue wala kuupiga pasi. Chukua karatasi leo hii uandike jina la baba yako, mwaka alioanza kazi na mwaka aliotoka, vyumba alivyokuwa akipita, na aliyempa kile kidau. Andika na habari ya mawe juu ya karatasi, na ya kusi, na ya roshani. Nakala moja ikae pamoja na kidau, na nyingine uipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambako wanapokea na kuhifadhi maandishi. Kidau bila ya karatasi hiyo kitakuwa chupa ya wino tu, kama nyingine yoyote.

Nami nitakuja Ng'ambo, ukiniruhusu, niyarekodi maelezo yako kwa sauti kabla hujasahau hata moja. Wengine ambao wazee wao walikuwa makarani, matarishi, wafagiaji au walinzi katika jumba lile, naomba mjitokeze hapa hapa kwenye uzi. Semeni kazi na miaka tu. Majina kamili tuyaandike kwenye karatasi zitakazopelekwa Kilimani.